Ufunguo wa Nyawira

Soko zima la Jericho hakuna fundi wa funguo anayenifikia, na darasa la tano sikumaliza. Jumapili moja baada ya kanisa, Nyawira, mke wa mpwa wangu Githinji, aliniletea kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo wa mumewe.

"Anko, nichongee. Akienda kazini hunifungia ndani."

"Unatoroka, bibi harusi?"

"Sitoroki. Nataka kukaa mlangoni tu nione watu."

Nikauchonga, ukafungua bila kukwama. Jioni, kwa kujisifu, nikamsimulia Githinji. Tukacheka sana.

Kesho yake akaweka kitasa kipya mlangoni. Sasa nikipita pale, Nyawira hunisalimia dirishani: "Anko, kazi inaendeleaje?" Nami huharakisha mwendo.