Sabufa nyuma ya kiti ya Papa

Leo Mama alinikataza kutengeneza sauti muzuri. Musome kwanza.

Niliunga sabufa mupya ku ampli, pamoja na bafle zetu mbili za zamani, zile spika za juu ya kabati. Nafasi ya sabufa ilikuwa moja tu: mu kona, nyuma ya kiti ya Papa. Tangu aende Walikale, hakuna muntu anaikaliaka.

Kwa kujaribu, nikapiga audio yake ya mwisho, ile alitutumia ku telefone: «Batoto yangu, mubakie muzuri na Mama. Niko nakuja.»

Jamani! Sauti ikatokea ku kiti. Nzito, kama muntu amekaa pale.

Kosa yangu. Ile buto ya kuzungusha ku sabufa, yenye inagawaka sauti, niliipandisha sana. Sabufa inapashwa kubeba bas tu, maneno ibakie ku bafle.

Nikaishusha. Papa akahama, akaenda juu ya kabati, kwenye bafle ziko. Sauti safi! Nikageuka nipate pongezi.

Mama alikuwa amesimama na sufuria ya maharagwe.

«Umurudishe kwenye alikuwa.»

«Mama, vile njo inapashwa kuwa.»

«Mutoto, umurudishe mu kiti yake.»

Nikaipandisha. Mama akatua sufuria, akasogeza kiti yake karibu na ile ingine.

Nyinyi munajua mambo ya sauti, museme yote munataka. Ile buto haitaguswa mpaka mwenyewe afike.