Mwombaji wa Bastola

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, wanaume wawili waliniibia kompyuta karibu na Joubert Park, jijini Johannesburg, saa tisa mchana, watu wakipita. Mmoja alishika kisu cha kukatia mkate. Nilimpa mkoba kabla hajamaliza kuuomba. Walipogeuka kuondoka nikawaita, nikawapa na chaja. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda ni ualimu tu. Sipendi kuona mtu akiondoka na kitu nusu.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu kisa chote, isipokuwa chaja. Katika simulizi yangu wezi walikuwa wanne na kisu kilikuwa panga. Wiki hiyohiyo niliamua kununua bastola.

Nilikuwa mhadhiri wa fizikia katika chuo kimoja pale Doornfontein, Mkenya mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria iliniruhusu kuomba leseni. Masharti yalikuwa mengi: mafunzo, mtihani, alama za vidole, sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, watu wa kuthibitisha tabia yako, kisha polisi aje nyumbani kukuchunguza. Kadiri nilivyoyasoma ndivyo nilivyozidi kukasirika. Mimi ambaye mwezi uliotangulia sikuwa nimewahi kuwaza bunduki, sasa nilizunguka chumba cha wahadhiri nikiuliza serikali inanisimamia kwa idhini ya nani. Uhai ni wangu, nilisema. Mlango ni wangu. Neno "uhuru" nililitumia vibaya sana majuma hayo. Wenzangu walianza kunywa chai mapema ili wasinikute.

Mafunzo yalifanyika kusini mwa jiji, katika ghorofa ya chini ya jengo lililokuwa na harufu ya baruti na kahawa. Tulikuwa wanafunzi sita. Mkufunzi alikuwa Mzungu mzee aliyewahi kuwa mkulima, mwenye soksi zilizofika magotini na maoni yaliyofika mbali zaidi.

"Serikali ikija kukuomba bunduki yako leo," alituambia, "jiulize kesho itakuja kukuomba nini."

Nikayaandika maneno hayo katika daftari na kuyapigia mstari.

Kando yangu alikaa mama wa miaka sitini na kitu, mwenye duka dogo la spaza nyumbani kwake Soweto. Wote tulimwita Gogo, yaani bibi. Akainua mkono.

"Serikali yangu mimi hainiombi chochote," alisema. "Nimevamiwa mara tatu. Nikipiga simu, polisi wanafika kesho yake, wananiuliza kama nina soda baridi. Mimi sitaki kupigana na serikali. Nataka ije."

Mzee akakiri kwamba shambani kwake mambo yalikuwa vilevile. Kituo cha polisi kilikuwa mbali na gari lao halikuwa na mafuta. Wakaanza kuzungumza wao wawili juu ya mbwa wakali na mageti. Mimi nikajipenyeza na hotuba yangu kuhusu haki za raia. Gogo alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwani wewe ni raia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Ah," alisema kwa upole, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

Mtihani wa kuandika nilipata alama zote. Ndipo tukaingia kwenye kulenga. Mwendo wa risasi hewani naujua. Nimeufundisha miaka kumi na moja, ubaoni, kwa chaki ya rangi mbili. Kitu ambacho ubao haukunifunza ni kwamba bastola hupiga kelele. Kila nilipovuta kifyatulio nilifumba macho yote mawili. Risasi zilipoisha, karatasi yangu ya shabaha ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani, na ya Gogo ilikuwa na matundu mengi kuliko risasi alizopewa. Mkufunzi aliyahesabu mara mbili.

"Asante kwa kunisaidia, mwanangu," Gogo akasema.

Nilifaulu mara ya tatu, na nadhani ni kwa sababu mzee alichoka kuniona.

Kwa ushahidi wa tabia nilimchagua fundi cherehani wa chini ya jengo letu, mkimbizi wa Burundi, mtu mtaratibu aliyeshona majoho ya kwaya za karibu makanisa yote ya mtaa. Nilimpelekea suruali ya kupunguza na, kwa kuwa alikuwa na pini mdomoni na hakuweza kujibu, nikampa mhadhara. Nikafungua kitabu cha mafunzo na kumwonyesha jinsi ya kuondoa risasi kwenye bastola.

Akatoa pini mdomoni. "Bon, mwalimu. Umekosea hapo. Unatoa magazini kwanza, ndipo unavuta. Ukianza kuvuta, moja inabaki ndani. Hiyo ndiyo inaua rafiki yako."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nayo. Kubwa kuliko hiyo. Miaka minne."

Miaka mitatu nilikuwa nimemsalimia mtu huyu kila asubuhi, na nilichojua juu yake ni bei ya zipu. Nikamuuliza, nikiwa bado na hotuba kooni, kama alipigania uhuru.

"Kila upande walisema hivyo," alijibu. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wenye bunduki ndio walikuwa wanakula." Akageuza suruali yangu, akatafuta mshono. "Miaka ile yote sikulala hata mara moja bila viatu. Siku nilipoirudisha bunduki nilivua viatu, nikalala siku mbili. Watu walidhani nimekufa."

Nikasema suruali isiwe fupi sana.

"Nitakushuhudia, usijali," aliongeza. "Nitawaambia wewe ni mtu mzuri. Wakiuliza kama unaweza bunduki, nitasema sijui."

Polisi alikuja Jumamosi asubuhi, mwanamke mnene mwenye fomu na kalamu iliyotafunwa. Akaomba kuona sefu. Nikampeleka kwa fahari; niliifunga mwenyewe ukutani na ilikuwa imeinama kidogo tu. Akaomba niifungue. Nikapapasa mifuko. Nikaangalia droo, juu ya friji, ndani ya viatu. Robo saa baadaye nilikumbuka mfuko wa ile suruali, nikashuka ngazi nikikimbia hadi kwa fundi.

Niliporudi nikihema na funguo mkononi, nilimkuta afande sebuleni akimuuliza mke wangu kama angejisikia salama mumewe akiwa na silaha ndani ya nyumba.

"Afande," mke wangu alisema, "huyu ni mume wangu na ninampenda. Lakini umeona mwenyewe. Funguo ni hivyo kila siku. Na tukiwa kwenye gari, roboti ikichelewa kuwaka kijani, huipigia honi. Hapigii magari. Anaipigia taa ya barabarani."

Afande aliandika. Aliandika kwa muda mrefu.

Alipoondoka nililipuka. "Umenidhalilisha mbele ya serikali!"

"Serikali iliniuliza," mke wangu alijibu. "Wewe hukuniuliza. Miezi mitano umetoboa ukuta wangu, umejaza nyumba vitabu vya bunduki, umemwambia kila mtu mlango ni wako. Mimi naishi wapi?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nimedai kusikilizwa na dola nzima, na sikuwa nimemsikiliza mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Nikamwambia ukweli kuhusu wale wezi: walikuwa wawili, na chaja niliwapa mimi. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akasema, akiwa bado pale sakafuni, "Ulirudi mzima. Mimi hilo linanitosha."

Jumatatu nilikwenda kituoni kuliondoa ombi. Fomu ilikuwa na nafasi ya sababu. Nikaandika, "Mke hajaridhia." Afande alisoma, akasema, "Eish, laiti wote wangeandika hivi," akaipiga muhuri.

Kwa wenzangu chuoni nilisema nimejitoa kwa sababu za kimaadili. Walifurahi sana, na sikudadisi walifurahia nini.

Gogo alipata leseni yake. Mwaka uliofuata nilipita Soweto kwa shughuli nyingine nikamtafuta. Nilimkuta nyuma ya nondo za dirisha la spaza, akihudumia foleni ya watoto wa shule. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yale niliyojifunza, kwa pointi nne. Nikamuuliza kwanza kama bastola imemsaidia.

"Sijaifyatua," alisema. "Naomba Mungu nisiifyatue. Ni nzito, na naiogopa. Lakini wewe una mtu wa kukulinda?"

"Nina mke."

"Basi. Mimi sina mtu."

Pointi zangu zote nne zikaniishia pale dirishani. Watoto nyuma yangu walianza kunisukuma, nikanunua mkate nisiouhitaji, nikawapisha.