Kisanduku cha Akiba cha Ukumbi

Mdogo wangu ameongoza taa za jukwaa la ukumbi wetu kwa miaka ishirini na sita, na sikupata kumwona akikwepa macho ya mtu mpaka mwaka ule kisanduku chake kilipokufa.

Programu aliyoitumia ilikuwa ya zamani. Walioitengeneza walikwisha kuiacha. Nayo haikukubali kuongozwa na kitu ila kisanduku chake yenyewe, chenye vishikio ishirini na vinne vya kusukuma juu na chini. Meneja akaagiza kiletwe kile cha akiba. Stoo hakikuwamo. Lawama ikamwangukia mtunza stoo, kaka wa mke wa mdogo wangu, akapewa barua ya kujieleza kabla ya Ijumaa.

Mdogo wangu alijua kilikokwenda. Miaka minne nyuma alikitoa stoo akikificha chini ya koti, akaking'oa vishikio ili atengeneze mashine ya sauti ya kwaya yetu. Alisifiwa mbele ya watu, nami nilipiga makofi.

Sasa akanyamaza. Kwa siku tatu alijifungia karakana akiunda kisanduku kipya kwa mbao nyembamba na vishikio vya redio mbovu. Aliyemshikia waya akipiga solda ni yuleyule mtunza stoo.

“Shemeji, hiki ni kisanduku au kabati la vyombo?”

“Wewe shika waya.”

“Nimeshika. Nikifukuzwa nahamia kwenu, na nitakula kukushinda wewe mwenye nyumba.”

Mdogo wangu hakucheka.

Kazi ikaisha, lakini programu haikukitambua. Ilitaka kadi ndogo ya saketi iliyokuwa ndani ya visanduku vya asili tu. Ya kile kilichokufa ilikuwa imeungua. Ya akiba ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya soksi. Alhamisi asubuhi alikuja kwangu.

“Kaka, nikiipeleka nimekwisha.”

“Na usipoipeleka?”

Akatazama viatu vyake.

Aliipeleka. Akaichomeka mbele ya meneja na shemeji yake, akasukuma kishikio cha kwanza, na taa zikapanda taratibu juu ya jukwaa tupu. Meneja akafurahi. Shemeji hakutazama taa. Aliiinamia kadi, kwani pembeni palikuwa na namba ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, ile anayoandika kwa brashi ya mkewe kwenye kila kitu cha stoo, hata sehemu za ndani.

“Umeipata wapi hii, fundi?” meneja akauliza.

Shemeji aliweka kidole gumba juu ya namba yake, meneja asiione.

“Ni ya kile cha akiba,” mdogo wangu akasema. “Nilikichukua mimi.”

Barua ya shemeji ikachanwa, ikaandikwa nyingine kwa jina la mdogo wangu. Mdogo wangu aliniambia kwamba matusi angeyavumilia. Kidole kile ndicho hakukiweza. Bado anaongoza taa, na shemeji yake angali na utani wake. Lakini shemeji akiingia tu chumba cha taa, mdogo wangu huinama chini ya meza, akajifanya anatafuta bisibisi.