Shanga Iliyobaki

Juzi nilipita Kariobangi, kwenye mabanda ya mafundi wa jua kali, nikasikia harufu ya mbao inayopigwa msasa. Miguu ikakataa kuendelea. Mjukuu wangu akadhani ni presha. Nikamwambia anyamaze, si presha.

Baba yangu alikuwa mchongaji, nasi tuliishi mtaa wa Ziwani, chumba kimoja. Darasani hakuingia hata siku moja, lakini kwa kuhesabu hakushindwa na karani yeyote. Shanga zake za mbao zilitoka nyumbani zikiwa elfu mbili mia tano na ishirini, basi. Hiyo, alisema, ni hesabu isiyobagua: igawe kwa mbili, kwa saba, kwa tisa, hata kwa kumi, hakuna inayobaki yatima. Alizipanga mkekani safu kwa safu kuhakikisha, nasi tukiruka mkeka kama mbuzi kufuata chai.

Nilichukua moja. Nilikuwa na miaka minane. Katika maelfu yale, nani angejua? Nikaitia uzi, nikaivaa ndani ya gauni.

Kesho yake Baba akapanga kumi kumi. Safu ya mwisho ikapungukiwa na moja. Akavuruga, akapanga tisa tisa: moja. Nane nane, saba saba: pengo lile lile, linanitazama. Akasema angekuwa amekosea yeye, kosa lingebadilika. Hii imechukuliwa.

Aliyezing'arisha ni Mbithe, binti wa kaka yake mkubwa, aliyeletwa kutoka Machakos aanze shule Januari. Mbithe alisema mara moja tu, "Baba mdogo, si mimi." Baba akamjibu kwamba achukuaye moja hurudia gunia. Jumamosi akampandisha basi. Kifurushi chake nilikibeba mimi hadi kituoni, shanga ikinigonga kifuani kila hatua.

Tulipofika nyumbani nikairudisha kwenye gunia la shanga. Mtoto hudhani kosa ni kama sufuria, ukiirudisha mahali pake yamekwisha. Sikujua kwamba Baba alikuwa ameshachonga nyingine kuziba pengo. Alipopanga tena, safu zote zikatimia, na moja ikabaki nje. Kumi kumi, moja. Saba saba, moja. Akaitafuta, akaipata: ilikuwa na uzi wangu tunduni.

"Hii imerudi," aliniambia. "Na Mbithe?"

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Asubuhi alikwenda Machakos, akarudi peke yake. Kaka yake alikuwa amekataa. Alisema mtoto si shanga, atolewe na kurudishwa. Mbithe hakusoma.

Miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya Baba, Mbithe ndiye aliyeniambia alichokwenda kusema kule. "Baba mdogo alisema alikosea kuhesabu," akaniambia, akicheka kidogo. "Tukamsamehe. Nani hakosei?"

Mtu yule, akubali mbele ya kaka yake kwamba hajui kuhesabu. Ndipo nikaelewa alichonibebea. Na bado nikanyamaza, nikamwongezea Mbithe chai.

Sasa nimeandika. Yeye hasomi, lakini wajukuu zake wanasoma. Watamsomea.