Fundi Friji wa Kikuyu Anayefanya Kazi Mlango Umefungwa

Wewe unayesoma huku umeshika soda baridi, Elisante unamjua. Umepita mbele ya kibanda chake hapa mtaani kwetu Kikuyu, ukasikia kile kikohozi, ukatazama pembeni. Leo tazama.

Saa nne asubuhi, upepo wa Agosti unatimua vumbi. Elisante anakata bomba la friji kuukuu. Gesi inatoka kwa mluzi. Haina rangi, na harufu yake ni kidogo mno. Kisha anafunga mlango, maana vumbi likiingia kwenye bomba, mashine imekwisha.

Gesi hiyo haiwaki, ndiyo maana wauzaji wanaisifu kwamba haina madhara. Uongo. Ni nzito kuliko hewa, na chumba kikifungwa inatuama humo, hewa inakosa nafasi. Ikikutana na moto wa kuchomelea, inageuka sumu.

Elisante anawasha moto. Ulimi wa moto huo unageuka kijani, dalili kwamba umeikuta gesi. Punde anatoka akipepesuka, machozi yanamchuruzika, anakaa juu ya dumu.

"Fungua mlango, Baba Ruthu," anasema mkewe, Devota. "Utaniachia watoto kwa ajili ya vinywaji vya watu."

"Nikifungua, vumbi. Ningengoja alfajiri upepo umetulia, lakini mwenye friji huyo hapo."

Mwenye friji ni Wambura, karani serikalini, ameegemea baiskeli. "Fundi, jioni nina wageni. Kohoa tu, ila mkono usisimame."

Wanaume waliokaa nje ya kibanda wanacheka. Devota hacheki. Daktari amekwisha kumwambia mumewe kwamba mapafu yameungua, na kwamba akiendelea kujifungia humo hatazeeka.

Wengine hatujasahau. Zamani hukununua friji bila kibali cha serikali. Biashara ikaachiwa huru, tukapiga makofi. Sasa ni mwaka 1996, na nchi tajiri zimeacha kutengeneza gesi hii kwao, kwa sababu ikifika juu angani inakula tabaka la ozoni, ngao yetu dhidi ya mionzi mikali ya jua. Friji zao walizozichoka zimepakiwa melini. Nasi tunazigombea kama mitumba, tunazikata mabomba, tunaimwaga gesi ile ile kwenye anga lile lile. Wao wamenawa mikono. Anayekohoa ni Elisante.

Anachotaka ni mashine ya kuivuta gesi na kuirudisha kwenye mtungi. "Wenye maduka wanaoleta friji hizi wainunue," anasema. "Mpaka hapo, mtu aniachie friji ilale. Alfajiri nitachomelea mlango wazi. Ni hilo tu, ndugu yangu, na watu wanaona nimewaomba figo."

Basi ni zamu yako. Ukimpelekea friji, iache ilale, usimsimamie mlangoni. Na leo hii, kabla duka halijafungwa, chukua jirani zako, mwende kwa aliyewauzia friji, mkamdai hiyo mashine. Msiondoke hapo mpaka ajibu.