Akiondoka Yeye, Ndugu Zake Wanabaki na Kampuni

Asubuhi, jua bado halijachoma, Mama Sahihi amesimama kwenye mlango wa karakana ya kuchomelea vyuma, anamsubiri mwenye karakana ainue kinyago chake. Cheche zinaruka. Anarudi nyuma kidogo zisije zikamtoboa sketi, maana katika sketi zake za kazini ni hiyo tu iliyobaki na zipu nzima.

Mchomeleaji amemwona tangu alipofika. Anamalizia pembe ya dirisha bila haraka, kisha anafunua uso.

"Dada, umekuja tena kuniulizia kifo changu?"

"Nimekuja kukuulizia watoto wako," anamjibu. "Kifo chako mimi sikihangaikii, kitakuja chenyewe."

Wote wawili wanacheka, hata msaidizi aliyekuwa anapiga tupa kule ndani. Mchomeleaji anavuta kigoda, anampangusia vumbi kwa kiganja, na Mama Sahihi anaanza kueleza bima ya maisha polepole, bila kuipamba: unalipa nini, unapata nini, na usipolipa unapoteza nini. Mwanamume anauliza maswali ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo. Mwenzake aliungua macho mwaka jana, na tangu hapo mchomeleaji halali vizuri.

"Basi niandikie," anasema mwishowe. "Ila mwezi huu nimekauka. Nilipie wewe huo mchango wa kwanza, mwezi ukiingia nakurudishia. Haki ya nani."

Mtu anayepita njiani angesema biashara imeiva. Mama Sahihi anahitaji mteja mmoja tu kabla ya Ijumaa. Akimpata, anabaki kazini. Akimkosa, namba yake ya uwakala inafungwa, na wateja wote aliowatafuta kwa miezi kumi na moja wanakuwa wa kampuni, yeye hapati tena hata senti kwa malipo yao.

Anafunika kalamu yake na kuirudisha kwenye mkoba. "Hapana, kaka. Sikulipii. Siku ukiwa nayo, niite, hata kama ni Jumapili."

Anaaga, anatoka. Ameuma meno, na macho yamemwiva kwa machozi ambayo hataki mtu ayaone.

Kumwelewa mwanamke anayekataa mteja siku tatu kabla ya kufukuzwa, ni lazima kuelewa jinsi kazi hii inavyowala watu wake wapya. Kuwala hasa.

Alikuwa mhudumu wa duka la kuchapisha na kutoa nakala. Duka lilipofungwa alikaa nyumbani miezi minne, hana mbele wala nyuma, mpaka alipoona tangazo lililobandikwa kwenye nguzo: kampuni ya bima inahitaji mawakala, kipato hakina kikomo. Jina la Mama Sahihi alipewa na majirani baadaye, kwa sababu kila alipokaa mahali lazima aseme, "Weka sahihi hapa, na hapa." Alilichukia mwanzoni. Siku hizi anaitika.

Kwamba kipato hakina kikomo ni kweli tupu. Hakina kikomo cha juu wala cha chini. Mshahara hakuna. Nauli ni yako, vocha ni yako, na ada ya mtihani wa uwakala ilitoka kwenye akiba ya mumewe. Wakala anaambulia kamisheni, yaani fungu dogo la kile mteja anacholipa, nalo linaingia mwezi mmoja baada ya mteja kulipa. Kamisheni yake ya kwanza ilitosha nauli ya siku sita.

"Nilidhani wamekosea," anasimulia. "Nikaenda mwenyewe kwa mhasibu, kwa adabu kabisa. Akaniambia, 'Mama, hiyo ndiyo yenyewe.' Nikamwambia ahsante. Hebu fikiria, nilimwambia ahsante!"

Na hao wateja wa kwanza wanatoka wapi? Hapo ndipo damu inapochemka. Siku ya pili ya mafunzo, mkufunzi hakufundisha bima. Aliwaambia waliohudhuria watoe simu zao, wachague ndugu watatu, wawapigie pale pale kwa sauti ya wazi, darasa zima likisikiliza. Mezani palikuwa na kengele ndogo. Ndugu akikubali, unaigonga, na ukumbi unalipuka kwa makofi.

Mama Sahihi alimpigia shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Shangazi anashona mito na kuiuza kwa wenye maduka ya samani.

"Hakuniuliza bima ni kitu gani," anasema. "Aliniuliza, 'Ukiniandika, utapata kazi?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi niandike, mwanangu.' Nikaenda nikagonga kengele. Watu wakanipigia makofi kama nimefunga bao."

Darasa lile lilikuwa na watu thelathini na wanane. Waliobaki leo ni wanne. Ukiuliza ofisini wale wengine wamekwenda wapi, utaambiwa hawakuwa na moyo wa kazi. Ndugu zao lakini wako, wanakatwa kila mwezi. Ofisini wana jina lao, wanawaita wateja yatima, na wanalitamka bila kuona haya, kana kwamba aliyewaacha yatima ni mtu mwingine.

Si kwamba Mama Sahihi anaichukia bima. Jirani yake mmoja muuza mboga alipofiwa na mumewe, kampuni ililipa, na watoto hawakukosa shule hata wiki moja. Mama Sahihi ndiye aliyembebea vyeti, akapanga naye foleni, akamshika mkono siku ya kupokea. "Siku ile nilijua ninauza kitu cha maana," anasema. "Ndiyo maana inaniuma. Ingekuwa uongo, ningeshaacha."

Kosa lake, na analitaja bila kuzunguka, ni lile ambalo karibu kila wakala mchanga hulifanya. Wenyewe wanaliita kubeba.

Mwezi wake wa tatu kazini, mjomba wake, dereva wa lori la mchanga, aliishiwa, akaacha kulipa. Utaratibu wa kampuni uko hivi: mteja akiacha kulipa kabla ya mwaka kuisha, wakala ananyang'anywa kamisheni aliyokwisha kulipwa, na mteja huyo anafutwa kwenye hesabu ya lengo lake, yaani idadi ya wateja anayotakiwa kuwa nayo. Ukikosa lengo miezi mitatu mfululizo, unafungiwa. Basi Mama Sahihi akamlipia mjomba, mwezi mmoja tu, akisema moyoni kwamba atarudishiwa. Mwezi uliofuata akambeba na binamu yake. Kisha wifi yake. Halafu shangazi, ambaye mito haikununulika msimu huo na ambaye aliona haya kusema.

Kufikia mwezi wa nane alikuwa amewabeba wanne. Katika kila noti kumi alizopata, saba zilirudi kampuni ile ile iliyomlipa. Alikuwa anatembea juani kutwa nzima ili aipe kampuni fedha zake mwenyewe.

Aliyemshtukia ni mumewe, fundi rangi, mtu wa maneno machache. Alimkuta jikoni akituma malipo kwa simu, unga umebaki wa kukung'uta gunia.

"Mama, hiyo unamlipia nani?"

"Ni ya mjomba."

"Na ile ya juzi?"

"Ya wifi."

Fundi rangi aliliangalia lile gunia. "Kwa hiyo wewe ndiye mteja wa wateja wako."

Mama Sahihi anasema alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka. Usiku ule walikubaliana: habebi tena mtu, liwalo na liwe. Alikwenda kwa kila mmoja wao akawaeleza. Mjomba na binamu walijitoa. Wifi akaweza kuendelea. Shangazi alikasirika kwa kufichwa, akauza cherehani yake ya akiba, akaendelea kulipa mwenyewe. "Nimeshaweka sahihi," alisema, "sitakutia aibu."

Wawili walipojitoa, kamisheni zao zikakatwa, naye akapungukiwa mteja mmoja kufikia lengo. Ndiyo sababu anahitaji huyo mteja mmoja.

Je, wakubwa hawajui habari za kubeba? Wanajua fika. Meneja wa timu anaona namba moja ya simu inalipia watu wanne, na anajua ni ya nani. Anakaa kimya kwa sababu naye anapata chake kwa kila bima iliyo hai, hata kama inaishi kwa jasho la mtu mwenye njaa. Msemaji wa kampuni, alipoulizwa, alijibu kwa upole mwingi kwamba mawakala si waajiriwa, bali ni wafanyabiashara huru. Mfanyabiashara huru gani huyo, ambaye akifunga duka anaacha bidhaa, rafu na wanunuzi wake kwa mwenye nyumba?

Wiki moja kabla ya asubuhi ile ya karakana, meneja alimwita Mama Sahihi ofisini, akamfungia mlango kwa heshima, akampa kiti.

"Dada yangu, mimi sipendi upotee," alimwambia. "Kuna kundi jipya linaanza. Njoo uwape ushuhuda, dakika kumi tu, jinsi kazi ilivyobadilisha maisha yako. Mimi nakukatia mteja yatima mmoja, unafikisha lengo."

Alikubali. Hafichi hilo. Alikwenda akaazima koti la wifi yake, akalipiga pasi, akajizoeza mbele ya kioo maneno mazuri mazuri.

Ukumbi ulijaa. Kengele ilikuwa pale pale mezani. Alianza vizuri, akawaambia habari za muuza mboga, watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo mzee mmoja wa makamo, mwalimu aliyestaafu, aliponyoosha mkono.

"Samahani, mama. Mwezi wa kwanza ulipata kiasi gani?"

Kule nyuma meneja alikuwa anatabasamu huku akitikisa kichwa taratibu: usijibu. Kwenye kiti cha mbele, msichana mmoja alikuwa tayari ameshika simu, jina la mama yake limejaa kwenye kioo, anasubiri tu kuambiwa apige.

"Nauli ya siku sita," Mama Sahihi alijibu.

Akaona ameshavuka, akaendelea. Akawaambia wajiwekee akiba ya kula ya miezi sita kabla ya kuanza. Akawaambia wasimlipie mtu, hata mama mzazi. Akawaambia waulize, kabla ya kupiga hata simu moja, siku wakiondoka ndugu zao watabaki na nani. Msichana wa mbele akairudisha simu kwenye mkoba. Mkufunzi akasema muda umekwisha, ingawa zilikuwa bado dakika sita.

Meneja alimkuta kwenye korido, jasho linamtoka. "Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Sikukuvua, bwana meneja," alimjibu. "Nimekataa kukuvisha."

Mteja yatima hakupatikana tena. Na sasa inaeleweka kwa nini alifunika kalamu pale karakana. Angemlipia yule mchomeleaji, angeiokoa namba yake kwa mwezi mmoja, kisha angekuwa amerudi kule kule jikoni kwenye gunia la kukung'uta. Alitembea Jumatano yote na Alhamisi yote. Mwenye saluni alimwambia arudi mwezi ujao, mwenye duka la viatu alimwambia hana haja. Ijumaa jioni ujumbe ukaingia kwenye simu: namba yake ya uwakala imefungwa, kampuni inamshukuru kwa ushirikiano. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atimize mwaka.

Jumatatu yuko nyumbani, anachambua mchele kwenye ungo, mlango unapopigwa kwa fujo. Ni shangazi, ametembea kwa hasira mpaka kilemba kimehama.

"Kuna kijana amenipigia simu," anasema kabla hata ya kusalimia. "Ananiambia yeye ndiye wakala wangu mpya. Nikamwuliza, wewe ni mtoto wa nani?"

Mama Sahihi anaweka ungo chini. "Akasemaje?"

"Akanitajia jina la kampuni! Nikamwambia, mwanangu, mimi sikununua bima kwa kampuni. Mimi nilimnunulia mtoto wa kaka yangu kazi. Kama kazi mmemnyang'anya, cherehani yangu iko wapi?"

Wanaangua kicheko, wanashikana mabega, na katikati ya kicheko Mama Sahihi anaanza kulia, kilio cha miezi kumi na moja. Shangazi anamwacha alie. Anavuta ungo, anaendelea kuchambua mchele.

Baadaye, uso umeshakauka, Mama Sahihi anaeleza mpango wake. Yeye na wenzake saba wa darasa lile, wakiwemo waliofungiwa zamani, wameandika malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima, na kesho wanayapeleka kwa mkono. Wanataka mambo mawili: wakala mpya alipwe posho ya kujikimu katika mwaka wake wa kwanza, na akiondoka, kamisheni ya watu aliowaleta iondoke naye. Yakikubaliwa, atafanya mtihani tena aanze upya, maana kuuza bima anakujua na bado anakupenda.

"Na kama watakurudishia namba yako tu, wakuambie unyamaze?" anaulizwa.

"Namba wabaki nayo," anasema. "Kwanza wanirudishie shangazi yangu."

Shangazi anainua uso kutoka kwenye ungo. Anauliza ofisi hiyo ya mamlaka inafunguliwa saa ngapi, na anaambiwa saa mbili asubuhi.

"Basi kesho nakupitia saa moja," anasema. "Na huyo kijana akinipigia tena, nitamwambia wakala wangu yuko hapa, tunavaa viatu."