Kinanda Chenye Sitara

Baada ya kupata kiharusi, baba yangu alianza kuvaa kanzu hata siku ambazo hakuwa na mahali pa kwenda. Nilidhani ni utu uzima tu. Baadaye nikatambua kwamba kanzu ina mfuko ubavuni, na humo ndimo alimoutia mkono wake wa kushoto tangu asubuhi hadi wakati wa kulala. Mkono wa kulia ulikuwa umesalimika. Alikula mwenyewe, na kila aliyekuja kumjulia hali alisema alhamdulillahi, afadhali si wa kulia. Mimi sikuiona hiyo afadhali. Baba alikuwa mpiga kinanda.

Si kwamba kinanda ndicho kilichotulisha. Mchana alishona nguo katika kibaraza cha nyumba yetu hapa Mji wa Kale, na harusi zikija alikwenda na wenzake kupiga taarabu mpaka watu wakachoka wao. Kinanda chake cha zamani kilikufa kwa kutu na hewa ya chumvi, harusi nazo zikaanza kupenda muziki wa kwenye simu, naye akaacha bila manung'uniko. Lakini vidole havikuacha. Akisubiri chai alipigapiga juu ya meza, na sisi watoto tulizoea kukisia ni wimbo gani. Tangu augue, meza ilinyamaza.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alituambia waziwazi: vidole visipopewa kazi vitakakamaa, na vikishakakamaa havitarudi. Akampa mpira wa kufinyafinya. Baba alimshukuru kwa adabu zote, akaubeba mpira mpaka nyumbani, na kufikia jioni ulikuwa mali ya paka wa jirani. Nikamletea unga aukande. Akaniuliza kama nimeambiwa kwamba anatafuta kazi ya upishi. Nikasema basi, iliyobaki ni kumtafutia kinanda, na hicho akikikataa sijui tena la kufanya.

Kaka yangu alikubali papo hapo. Yeye anakaa Kizingo, kwenye nyumba yenye nafasi ya kugeuza gari uani, na kila kitu kwake huanzia ukubwa. Alisema tuchukue piano ya umeme iliyo kamili, ile yenye miguu na pedali, si vile vya kuchezea watoto. Mimi niliyafikiria madaraja yetu ya kupandia juu, ambayo hata godoro hulalamika likipandishwa. Kwa hivyo tulipofika dukani pamoja na baba, na dada muuzaji akatuuliza, "Mwataka vizito ama vyepesi?" nilimwahi kaka yangu nikasema, "Chepesi, tafadhali, nyumba yetu ni ya ghorofa."

Yule dada alikuwa mtu mzima wa makamo yangu, na alijizuia kucheka. Akanieleza kwamba hakuulizia uzito wa kubeba. Aliulizia vibao vya kubonyeza: vya piano ya kweli ni vizito kidogo chini ya kidole, na sauti hufuata nguvu ya mkono. Ukibonyeza kwa nguvu inalia kwa nguvu, ukibonyeza taratibu inalia taratibu. Kaka yangu akanitazama kama aliyeshinda kesi. Hata mimi nikaona ni jambo zuri, maana vibao vizito vitaupa ule mkono mazoezi.

Baba aliketi mbele ya kile kizuri kuliko vyote. Alipiga mkono wa kulia kwanza, kipande kifupi cha kuingilia wimbo, na duka zima likageuka. Nilimwona akitabasamu. Kisha, polepole, akautoa ule wa kushoto mfukoni. Sikuwa nimeuona mchana kwa muda mrefu, nao ulikuwa umekonda. Akauweka juu ya vibao, akabonyeza. Wa kulia uliimba, wa kushoto ukasikika kama mtu anayesema chumba cha pili. Akajaribu tena. Halafu akainuka, akamshukuru muuzaji, akamwombea dua ya biashara njema, akatoka kwenda kukaa garini. Mkono ulikuwa umesharudi mfukoni.

Nilikasirika. Nilimkasirikia kaka yangu kwa ukubwa wake, nikakikasirikia kinanda, nikajikasirikia mwenyewe kwa kumleta baba yangu aaibike mbele ya wateja. Kaka yangu, ambaye hajui kunyamaza lakini anajua kuendesha gari, akatupeleka Mama Ngina, kule ufukweni. Tukanunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Watu walipita na watoto wao, na baba alikula vipande viwili vitatu kabla ya kusema.

"Kile kinanda," alisema, "chanisengenya."

"Vipi, Baba?"

"Kinanda changu cha zamani kilikuwa na haya. Ukikigusa chalia, hakiulizi kama mgonjwa ama mzima. Hiki chamwambia kila mtu hali ya mkono wangu. Na mimi mwenyewe kinaniambia, nami sijauliza."

Kaka yangu akataka kumweleza habari za teknolojia. Nikamtia muhogo mkononi, akala.

Kesho yake nilirudi dukani peke yangu kwa tuktuk. Yule dada akaniuliza kama sasa nimeamua, vizito ama vyepesi. Nikamwambia nataka kinanda kisichosengenya watu. Nilikuwa sijui kumweleza vingine. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Ni kwa yule mzee?" Nikaitikia. Akanivuta mpaka kwenye kile kile cha jana, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akaniambia nipige kwa nguvu, kisha niguse kidogo tu. Sauti ilikuwa ile ile. Ule ufuatiliaji wa nguvu za mkono huzimwa, alisema, na mwenyewe akitaka huuwasha. Nilipiga tena na tena kama mtoto, na macho yakaniuma.

Kukipandisha ilikuwa shughuli ya mtaa. Wanaume walibeba, wanawake wakatoa amri kutoka madirishani, na kila kona ya madaraja ilikula rangi kidogo. Baba alikuwa ameketi akitazama, hakuuliza kwa nini nimenunua kitu alichokikataa. Nilipokiwasha nilimwambia tu, "Jaribu tena, Baba. Nimekitia adabu."

Alibonyeza kwa mkono wa kushoto. Akasikia. Akabonyeza kidole kimoja kimoja, akiwa ameinamisha sikio, na kila kidole kilijibu sawasawa na chenziwe cha mkono wa kulia.

"Kumbe kina sitara," alisema.

Neno hilo likabaki nyumbani. Kila alasiri akishaswali nilimsogezea kiti, nikahakikisha sitara ipo, nikafunga dirisha kwa sababu yeye alitaka lifungwe, nikarudi jikoni. Kaka yangu alileta vile vya kuvaa masikioni, baba akasema hajawa mwizi hata apige muziki kwa siri. Mwanzo ulikuwa mgumu kusikiliza. Mkono wa kushoto ulichelewa, ulikosea, ulichoka upesi. Lakini kwamba ulikuwa dhaifu, hilo kinanda hakikumwambia, na kwa kuwa hakuambiwa, aliendelea. Kanzu nazo zikaanza kubaki kwenye msumari siku za kawaida. Niliogopa nikilisema litakimbia.

Mtaalamu wa mazoezi alimshika vidole akafurahi, akasema vimelainika. Nguvu, alisema, bado ina safari, na huenda isirudi yote. Baba alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

Alasiri moja baada ya hapo niko jikoni nakuna nazi, akaniita.

"Ndoo hapa, mwanangu. Niondolea hiyo sitara."

Nilikwenda nikiwa na mikono yenye nazi. "Yote, Baba?"

"Yote. Nataka nisikie mkono wangu umefika wapi."

Nilitaka kumwambia angoje kwanza mwezi mwingine. Nilitaka kumdanganya kwamba nimesahau vitufe. Nikajifuta mikono kwa leso, nikavibonyeza, nikasimama nyuma yake. Akaanza. Wa kulia ukatoka kama zamani, ukijaa chumbani. Wa kushoto ukafuata chini yake, mdogo, mdogo sana, lakini mahali pake ni pale pale panapotakiwa. Hakusimama. Alipiga wimbo mpaka mwisho, akapumua, akavitazama vidole vyake bila kuvificha.

"Fungua na dirisha," alisema.

Nikalifungua, naye akaurudia wimbo tangu mwanzo. Nyumba zetu zimekaribiana, na aliyekuwa akipita kichochoroni siku hiyo bila shaka alisikia mkono mmoja tu. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliisikia yote miwili.